Namba ya Kwenye Faili

Karakana ya Makochi,
Mkabala na Duka la Vioo,
S.L.P. 418.

Jumapili asubuhi, 16 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu tele kutoka kwangu na kwa wifi yako, na uzipokee ukiwa umekaa, maana barua hii itakuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kukuandikia. Hujambo? Wapwa zangu hawajambo? Lile goti la kulia limeacha kukusumbua? Na usingizi je, unaupata? Tafadhali usiyaruke maswali haya kama ulivyozoea. Nitayarudia mwishoni, na hapo utajua kwa nini.

Kwa upande wangu nilikuwa nimeshaandika "mimi ni mzima wa afya" kama siku zote, halafu nikakata mstari. Usishtuke, siumwi. Ila siku hizi ndani ya nyumba hii mtu haandiki maneno hayo hivi hivi tu, na sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Nianze na mambo madogo. Karakana inakwenda. Nimepata kazi ya kuvisha upya makochi ya ukumbi mmoja wa mikutano, viti arobaini, na kila kimoja kina springi iliyokatika mahali pake. Binti yetu amehamishiwa kazi mji mwingine lakini kila mwisho wa mwezi yuko hapa, anafungua masufuria kabla hata ya kusalimia. Yule paka uliyetuachia amenenepa kama mto wa kochi. Kila nikimaliza kazi ya mteja, yeye ndiye anayeizindua. Nimechoka kugombana naye.

Sasa twende kwa wifi yako. Katika barua yako ya mwisho uliniuliza kama bado anaendelea na yale masomo au yameishia njiani. Uliuliza kwa upole, lakini nakujua, ulikuwa unacheka huku unaandika. Cheka tu, mimi nilicheka kabla yako.

Unakumbuka kwamba kwa miaka kumi na saba alikuwa akipiga deki kwenye zahanati ile yenye geti la kijani. Mwaka juzi waliweka tangazo ukutani kwamba chuo kinafungua darasa la cheti cha msaidizi wa tabibu, mwaka mmoja, masomo mchana. Tangazo lile alilifuta vumbi kila asubuhi kwa wiki tatu. Siku moja akaja karakana nikiwa na misumari mdomoni, akaniambia amejiandikisha. Nilidhani amejiandikisha kwenye kikundi cha kuimba. Aliponieleza, nilicheka hadi msumari mmoja nusura niumeze. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, nikamwambia, utakaa dawati moja na watoto wa rika la binti yako? Akasema ndiyo, na kama dawati ni dogo atasogea.

Na kusema kweli niliona ni kazi ndogo tu. Msaidizi wa tabibu ni yule unayekutana naye kabla hujamwona daktari. Anakupima joto, presha na mapigo, anakuuliza umekuja na shida gani, anakutoa damu ikihitajika, na yote anayaandika kwenye faili. Nilidhani ni kazi ya kushika kalamu na kuvaa nguo nyeupe. Mdogo wangu, nilikuwa mjinga, na ninakiri kwa maandishi ili ukaiweke barua hii ushahidi.

Jambo lililonifumbua macho ni mkono wangu mwenyewe. Kila mwanafunzi alitakiwa kuja na mtu wa kufanyiwa mazoezi kila Alhamisi alasiri. Wifi yako aliwaomba majirani, na ghafla mtaa mzima ukawa na safari. Aliponiomba mimi, nikamjibu kwamba mimi si gari la kujifunzia udereva. Hakubishana. Alhamisi ya kwanza alikwenda peke yake, nami nikaja kujua kwamba alikaa saa tatu akitazama wenzake wakipima. Alhamisi ya pili nilifunga karakana saa nane, nikavaa shati la mikono mifupi, nikamfuata bila kumuaga wala kumwambia.

Darasa lenyewe ni chumba kimoja kirefu nyuma ya ofisi za maji. Kuna vitanda vitatu, sinki, saa kubwa ukutani, na ndoo ya mfuniko wa njano ya kutupia sindano. Wanafunzi walikuwa kumi na tisa. Mwalimu wao wa vitendo ni mama mwembamba aliyekuwa muuguzi maisha yake yote, na wanamwita Mama Dakika. Ukihesabu mapigo kwa robo dakika halafu ukazidisha kwa nne, anakurudisha mwanzo mbele ya watu. Kwake dakika ni dakika, hata kama mgonjwa ni mume wa mtu na ana makochi yanamsubiri.

Mdogo wangu, sijui nianzie wapi kukueleza niliyoyaona mle ndani. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa fundi simu, vidole virefu, mzungumzaji kupita kiasi. Lakini akishika sindano ananyamaza jii, na inaingia kwenye mshipa kabla hujamaliza kukunja uso. Kulikuwa na mama aliyekuwa anazirai kila akiona damu. Wiki za mwanzo walimwekea kiti nyuma yake, kwa kuwa walijua ataanguka saa ngapi. Miezi sita baadaye nilimwona mama yule yule ameshika kichwa cha mwenzake aliyezirai, anampepea na faili, na damu iko hapo mezani mbele yake. Hakuna aliyempigia makofi. Mama Dakika alisema tu, haya, tuendelee.

Kitu kingine ni ile kanuni yao ya kuomba ruhusa. Hawakugusi mpaka wakuambie wanataka kufanya nini, wakuombe, na wewe ukubali. "Naomba nikushike mkono nihesabu mapigo." Mara ya kwanza nilitazama nyuma nione anayeombwa ni nani. Nina miaka hamsini na nne, nimeshikwa, nimesukumwa, nimevutwa shati na wateja, na sikumbuki mtu mzima aliyewahi kuniomba kwanza. Niliona aibu jinsi nilivyofurahi. Bila shaka wifi yako akaileta kanuni nyumbani, tukawa tunakula huku ananitangazia kwamba sasa anaomba ruhusa ya kusogeza sahani yangu. Nikamwambia ruhusa ya sahani sitoi.

Halafu kuna ile siku niliyosikia damu yangu. Chuo kina chombo kimoja cha kusikilizia mapigo chenye masikio mawili mawili, yaani watu wawili wanasikiliza kwa wakati mmoja, mwanafunzi na mwalimu wake. Mama Dakika aliona ninavyokodoa macho, akanivisha yale masikio ya upande wake. Wifi yako akanifunga mkanda wa presha juu ya kiwiko, akaminya kipira mpaka mkono ukafa ganzi, kisha akaanza kuuachia upepo taratibu. Kwanza kimya kabisa. Halafu, tu. Tu. Tu. Mtu anabisha hodi ndani ya mkono wangu. Akaniambia pale hodi ilipoanza ndiyo namba ya juu, na pale itakaponyamaza ndiyo ya chini. Nilikaa pale mdomo wazi. Kumbe kazi hii inafanyika ndani yangu usiku na mchana, tangu mama yetu anizae, na sijawahi hata siku moja kuisikiliza. Na aliyenionyesha ni mwanamke niliyemcheka.

Kuanzia siku ile sikukosa Alhamisi. Wanafunzi wakanipa jina, Baba Mkono. Namba yangu ilikuwa 124 kwa 80, na haikuwa ikibadilika, ikihama sana inakwenda 122 kisha inarudi. Wote kumi na tisa waliijua kwa kichwa. Wakikutana nami barabarani hawaniulizi habari za asubuhi, wananipungia mkono na kusema mia ishirini na nne kwa themanini, nami naitikia. Wapita njia walituona wendawazimu.

Namba hiyo ndiyo iliyomponza wifi yako. Mtihani wa mwisho wa vitendo ulikuwa mwezi wa kumi na moja, na mgonjwa wake nilikuwa mimi. Alianza vizuri. Aliomba ruhusa, akanawa, akafunga mkanda. Lakini kidole kilimteleza, akafungua upepo mwingi kwa mara moja, na mshale wa kipimo ukaporomoka wote mpaka chini. Hakusikia kitu. Badala ya kuanza upya, akashika kalamu akaandika 124 kwa 80.

Masikio ya pili yalikuwa kwa Mama Dakika. Yeye pia hakuwa amesikia kitu. Akamuuliza, "Hiyo themanini umeisikia wapi?" Wifi yako akaiweka kalamu chini. Pale pale Mama Dakika akanipima mwenyewe, na alichopata kilikuwa 124 kwa 80. Hata hivyo akaandika kwamba ameshindwa.

Nilimfuata yule mama kwenye korido, tena si kwa heshima niliyofundishwa. Nikamwambia namba ni ile ile, sasa kosa liko wapi? Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Leo imeangukia sawa, baba. Siku itakayoangukia vibaya, mgonjwa atakuwa wa nani?"

Kanuni yao inaruhusu kurudia mara moja tu, baada ya wiki sita. Ukishindwa tena, unaanza mwaka mzima upya, na wifi yako alisema waziwazi kwamba hana mwaka mwingine wa kuanza upya. Zahanati ilikuwa imemwahidi nafasi kwenye chumba cha vipimo akipata cheti. Vinginevyo ndoo na dekio lake vilikuwa pale pale nyuma ya mlango. Wiki ya kwanza hakufungua daftari. Nguo yake nyeupe aliitundika ndani ya kabati na akasukumia makoti mbele yake.

Wiki ya pili nikaingia karakana asubuhi nikamkuta amepiga magoti mbele ya kochi. Ameufunga mkanda wa presha kwenye mkono wa kochi, mkono wa mbao na sponji, anaminya kipira, kisha anauachia upepo huku macho yako kwenye mshale. Anataka ushuke polepole, alama mbili kwa kila pigo, usikimbie wala usisimame. Kochi halina damu, kwa hiyo hakuna cha kusikia, lakini alikuwa akifundisha vidole. Alifanya vile kila siku kabla ya kwenda kazini. Mteja mmoja alikuja kuulizia kochi lake akamkuta anaendelea, akanong'ona kuniuliza kama hali ya kochi ni mbaya. Nikamwambia tumeliwahi, litapona.

Unaona ninavyotania. Ndivyo nilivyokuwa wiki zote zile, mzaha asubuhi, mzaha jioni. Akiniuliza naonaje, namwambia mimi wala sina wasiwasi. Ukweli ni kwamba roho ilikuwa juu. Nilikuwa naamka, namwona amelala na vidole vinacheza juu ya shuka kama bado vimeshika kipira, nami silali tena. Tumeishi pamoja miaka ishirini na sita. Nimemwambia chumvi imezidi, nimemwambia mlango haufungi, lakini kwamba namwogopea sikuwa nimemwambia hata mara moja. Sikujua hata neno la kuanzia.

Nikaamua kumsaidia kwa njia yangu. Nikasema moyoni, nitampelekea ile namba yake ikiwa safi, 124 kwa 80, ili akisikia asikie anachokijua. Siku tatu sikula chumvi. Nikaacha chai ya rangi. Asubuhi ya mtihani nilitoka saa nzima kabla, nikatembea kama bibi harusi, nikakaa kwenye benchi la nje navuta pumzi na kuzihesabu. Nilijiona fundi kweli kweli.

Tukaitwa. Chumba ni kile kile. Safari hii kulikuwa na Mama Dakika na daktari mgeni kutoka nje ya chuo, ameshika faili langu lenye namba zangu za Alhamisi zote. Wifi yako aliniomba ruhusa kama mtu ambaye hajawahi kuniona. Akaniuliza kama nimekaa vizuri, akaniweka miguu chini, akanilaza mkono mezani. Akafunga mkanda. Mama Dakika akavaa masikio ya pili.

Mshale ulishuka polepole, alama mbili, alama mbili, kama pale kwenye kochi. Mimi nilikuwa namtazama usoni. Nikaona nyusi zimepanda kabla ya wakati wake. Mshale ulikuwa bado uko juu sana. Akaendelea kusikiliza mpaka mwisho, akatoa yale masikio, akashika kalamu, na kalamu ikasimama hewani. Nilijua anapigana na nini. Ile namba wanayoijua watu kumi na tisa ilikuwa pale pale kichwani mwake, na mkono wa kuiandika ulikuwa tayari.

Akaandika 168 kwa 96.

Yule daktari akatazama karatasi, akatazama faili. "Mgonjwa huyu mwaka mzima ana 124 kwa 80," akasema. "Una hakika?" Mama Dakika alikuwa ametazama ukuta, maana hawaruhusiwi kusaidia hata kwa kope. Nikajua nimemharibia. Chumvi nimeacha, chai nimeacha, benchi nimekalia, na bado damu yangu imekwenda kumwaga siri mbele ya watu.

"Nina hakika na nilichosikia," wifi yako akasema. "Naomba apumzike dakika tano, nimpime mkono wa pili."

Dakika tano zile, mdogo wangu, ndizo ndefu nilizopata kuishi. Hakuniangalia kama mume. Alisimama anatazama saa ya ukutani, mikono nyuma, na mgongo wake umenyooka namna ambayo sikuwahi kuiona alipokuwa ameinama juu ya ndoo. Nilimwogopa, kwa ile heshima mtu anayokuwa nayo mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye. Alipopima mkono wa pili akapata 164 kwa 94, na akaiandika chini ya ile ya kwanza.

Baada ya hapo fomu yao ina maswali. Kichwa kinauma? Hapana. Kifua? Hapana. Macho yanaona ukungu? Hapana. Halafu linakuja swali la mwisho, ambalo nimeulizwa kila Alhamisi na kila mara nilijibu "hakuna" kabla halijaisha.

"Kuna jambo lolote linalokuhangaisha leo?"

Nikafungua mdomo niseme hakuna. Nikaona kalamu yake inasubiri, na nikafikiria namba mbili zilizokuwa pale kwenye karatasi. Ningemdanganya vipi mtu aliyeshanisikia?

"Lipo," nikasema. "Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Nakuogopea wewe."

Hakutabasamu, hakulia, hakunishika. Aliandika. Baadaye niliisoma ile karatasi kwa macho yangu: mgonjwa anasema ana hofu kwa ajili ya mtu wake wa karibu. Kisha akamgeukia daktari akamwambia kwamba mgonjwa huyu asiondoke bila kuonwa, na apimwe nyumbani siku saba mfululizo kabla mtu yeyote hajasema ana ugonjwa au hana. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza mahali chumvi ilipo.

Mama Dakika akayavua masikio yake, akayafuta kwa pamba moja moja. "Na mimi nimesikia hivyo hivyo," akasema. Basi. Wifi yako akaomba ruhusa ya kutoka nje, na alipofika kwenye korido akakaa sakafuni, kwenye ile mistari ya vigae, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nikakaa karibu yake. Nilimuuliza aliwaza nini aliposikia 168. Akasema aliwaza, kumbe na yeye anaogopa, basi siko peke yangu, na ndipo mkono wake ulipotulia.

Cheti walipewa mwezi uliopita. Kumi na tisa walianza, kumi na saba wakamaliza. Walipanda jukwaani mmoja mmoja, fundi simu akiwa amenyamaza ingawa hakushika sindano, na yule mama wa kuzirai akitembea wima bila kiti nyuma yake. Nilikaa mstari wa pili na kuwatazama. Watu hawa nawajua. Mmoja alikuwa dobi, mwingine alikuwa mlinzi wa geti, mwingine aliacha shule akiwa na ujauzito. Nilifikiri kwamba sasa kila mmoja wao anaweza kufunga mkanda kwenye mkono wa mgeni asiyemjua na kusikia kile ambacho mgeni huyo mwenyewe hakijui. Jina la wifi yako liliposomwa nilisimama peke yangu ukumbi mzima, na binti yetu akanivuta shati nikae.

Siku hizi yuko kwenye chumba cha vipimo pale pale zahanati, mlango wa tatu kushoto. Mtu wake wa kwanza kumpima alikuwa yule mama aliyechukua kazi yake ya usafi. Alimkuta anapiga deki korido, akamwomba aweke ndoo chini, akamkalisha kwenye kiti cha wagonjwa, akamwomba ruhusa. Yule mama alitazama nyuma yake, kama nilivyofanya mimi.

Na mimi nilipimwa siku saba kama alivyoagiza. Ilishuka, lakini haikurudi kule ilikokuwa. Daktari ameniambia nipunguze chumvi kabisa, si kwa siku tatu za mtihani, na nitembee kila jioni. Wifi yako anatembea nami. Tunafika mpaka kwenye duka la mbao na kurudi, na njiani tunazungumza, jambo ambalo hatukuwa tukilifanya sana.

Sasa nirudi kwako, mdogo wangu.

Barua zako naziweka kwenye droo ya sindano zangu za kushonea makochi. Jana nilizitoa zote ulizoandika tangu shemeji atutoke, mwaka wa pili huu unakwenda. Ni tisa. Nikazipanga mezani, na zote tisa mstari wa tatu ni ule ule: mimi ni mzima wa afya, sina neno. Hata mwandiko hautofautiani. Nikipiga simu, unasema nzuri kabla sijamaliza kuuliza. Uliandika hivyo mwezi ule uliozika. Uliandika hivyo ulipohama chumba chenu ukawa unalala na watoto, jambo ambalo si wewe uliyeniambia, ni mpwa wangu mkubwa. Nami muda wote huo nilisoma, nikafunga bahasha, nikashukuru Mungu kwamba dada yangu hana neno.

Hiyo ni namba ya kwenye faili. Wewe umeizoea kuiandika na mimi nimeizoea kuisoma. Kosa la kwanza ni langu, maana mimi ndiye kaka, na kazi ya kusikiliza ilikuwa yangu.

Kwa hiyo naomba ruhusa yako, kama walivyonifundisha. Naomba nikuulize upya. Kabla hujanijibu, kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, usizungumze na mtu dakika tano. Kisha niandikie utakachosikia, hata kama kiko juu, hata kama kinatisha, hata kama ni mstari mmoja. Sitakutania. Mwezi ujao nikimaliza viti vya ukumbi nitapanda basi nije, na wifi yako ameshaomba likizo ya siku nne aje na mkanda wake. Lakini barua yako naomba itangulie.

Nisalimie wapwa zangu. Mwambie mkubwa kwamba hakusema vibaya, asikae na hofu ya kunieleza. Mdogo mwambie paka wake anamkumbuka. Jirani yako mshonaji mpe salamu, na mama mkwe wako pia, mwambie miguu yake naiombea. Binti yetu anakusalimu na anasema shangazi asije akaijibu barua hii kwa simu.

Mungu akulaze salama na akuamshe salama, akupe mtu wa kukaa naye jioni, na siku ambayo hayupo, akupe kalamu.

Ni mimi kaka yako ninayekupenda, fundi makochi,

leo asubuhi 132 kwa 84, mkono wa kushoto, nimekaa, nimepumzika dakika tano, na nina hofu kwa ajili yako.